Dawa na madhara yake: mambo ambayo inafaa tujue

Katika sehemu nyingi za Kivu watu wanaita kila dawa ya kumeza «kinini». Iwe nyeupe, nyekundu ao ya manjano, iwe ya malaria, ya kichwa, ya minyoo ao ya presha, yote ni kinini tu. Neno hilo limetoka kwa dawa moja, ni kusema kwinini, ile inayotolewa katika maganda ya mti wa kinkina, mti ambao ungali unapandwa katika vilima vya pande za Bukavu. Wazee wetu waliifahamu kwanza dawa ile, kiisha wakazipa dawa zingine zote jina lake. Neno lenyewe halina ubaya. Lakini tumeona mara nyingi kwamba limezaa wazo baya: kwamba vinini vyote ni ndugu, na yule aliyeponywa na kinini cha jana anaweza kumpa jirani yake vile vilivyobaki.

Tunaandika maneno haya kwa sababu ninyi mnaulizwa kila siku juu ya dawa. Katika kila misioni kuna kabati ya dawa, na mara nyingi ufunguo wake unakaa kwa padri ao kwa mseminari mmoja ambaye hakusomea kazi ile. Katekista anayekaa mbali na kituo cha afya, mwendo wa saa nne kwa miguu, anagongewa mlango usiku. Sisi si wanganga, na makala hii haitatugeuza kuwa wanganga. Lakini watu wanatuamini, na neno letu moja linaweza kumfanya mgonjwa aendelee na dawa yake ao aitupe.

Tuseme jambo moja tuliloliona wenyewe. Katika parokia tuliyokuwa tukitumika zamani, mama mmoja mzee alikutwa na ugonjwa wa kifua kikuu. Akapewa dawa, akarudi nyumbani. Siku ya pili akaona mkojo wake ni mwekundu. Akaogopa sana. Jamaa zake wakasema dawa ya wanganga inamaliza damu yake. Asubuhi akamwendea katekista, akamwambia: «Mwalimu, ninakojoa damu.» Katekista, mtu mwema na mwenye huruma, akajibu: «Pole, mama. Uache kwanza, tuangalie.» Mama akaacha. Mkojo ukawa safi, na wote wakasadiki kwamba wamefanya vema. Kiisha miezi michache akarudi akiwa amekonda na anakohoa tena, na mjukuu wake aliyelala naye kitanda kimoja akawa anakohoa vile vile.

Ile haikuwa damu. Ni rangi ya dawa inayoitwa rifampisini. Inageuza mkojo, jasho na hata machozi kuwa na rangi ya machungwa ao nyekundu, na haidhuru hata kidogo. Kila mtu anayeimeza anaweza kuona jambo lile. Pale mama alipopewa dawa hakuna aliyemwambia. Katekista naye alituambia baadaye, kwa uchungu mwingi: «Sikutaka afe mikononi mwangu.» Hatukuwa na neno la kumlaumu, kwa maana sisi pia, kama tungaliulizwa siku ile, labda tungalijibu kama yeye.

Kwa nini dawa inafanya zaidi ya kazi moja

Watu wengi wanafikiri kwamba dawa ya kichwa inakwenda kichwani, na dawa ya tumbo inakwenda tumboni. Sivyo. Kinini kikimezwa kinayeyuka, kinaingia katika damu, na damu inakipeleka pahali pote: kichwani, moyoni, katika mafigo, katika ngozi, na kwa mama mwenye mimba hata kwa mtoto aliye tumboni. Dawa haina macho ya kuchagua. Inafanya kazi pahali penye ugonjwa, na vile vile inagusa mahali pengine pasipo ugonjwa. Mguso huo wa pili ndio tunauita madhara ya kando. Katika karatasi inayokunjwa ndani ya sanduku la dawa yameandikwa kwa kifransa, chini ya maneno «effets indésirables». Mseminari anayejua kifransa anaweza kuwatendea wanakijiji wema mkubwa kwa kuwasomea karatasi ile. Wengi wanaitumia kwa kuwashia moto.

Kiisha, mwili unaiondoa dawa. Kazi hiyo inafanywa zaidi na ini na mafigo. Ini ni kama jiko linalochoma dawa na kuigeuza; mafigo yanatupa majivu yake katika mkojo. Kwa hiyo mtu mwenye ini lililoharibiwa na pombe kali, ao mzee ambaye mafigo yake yamechoka, anaweza kuumizwa na dozi ambayo kijana anaivumilia bila shida. Ndiyo sababu wanganga wanauliza umri, uzito, mimba na magonjwa ya zamani. Wagonjwa wengine wanakasirika kwa maswali hayo: «Nimekuja juu ya homa, unaniuliza juu ya pombe!» Lakini maswali yana maana.

Munganga Paracelsus wa Uswisi aliandika mwaka wa 1538 kwamba kila kitu ni sumu, na kipimo peke yake kinafanya kitu kisiwe sumu. Katika Afrika yetu tuliona ukweli huo kwa namna ya kuhuzunisha. Karibu mwaka wa 1930, pale Bafia katika Kameruni, munganga mmoja aliongeza dozi ya dawa ya malali iliyoitwa triparsamidi, akifikiri kwamba nyingi itaponya upesi zaidi. Watu karibu 700 wakapofuka macho. Dawa ilikuwa ile ile iliyokuwa ikiponya wengine. Kilichobadilika ni kipimo.

Kupima mema na mabaya

Labda mtu atauliza: kama dawa inaweza kudhuru, kwa nini wanganga wanaitoa? Swali hili ni zuri, na waseminari waliosoma teolojia ya maadili wanajua njia ya kulijibu. Mtakatifu Tomaso, katika Summa, sehemu ya pili ya pili, swali la 64, anaeleza kwamba tendo moja linaweza kuwa na matokeo mawili, moja linalokusudiwa na lingine lisilokusudiwa. Walimu waliomfuata wakaongeza kwamba lazima pawe na sababu kubwa inayolingana na ubaya unaovumiliwa. Munganga anapoandika dawa anafanya hesabu ya namna hiyo, hata kama hajasikia jina la Mtakatifu Tomaso.

Tuchukue tena malali, kwa sababu Kongo yetu imeumizwa na ugonjwa huo kuliko inchi zingine zote. Tangu mwaka wa 1949 palikuwa na dawa iliyoitwa melarsoproli kwa wagonjwa ambao vijidudu vimekwisha kufika katika ubongo. Ilitengenezwa na arseniki. Ilipopigwa katika mshipa iliunguza, na wagonjwa walisema ni kama moto unaopita ndani ya mkono. Kati ya wagonjwa 20 waliopigwa sindano hizo, karibu mmoja aliuawa na dawa yenyewe. Leo, kama mtu angaleta dawa ya kichwa yenye kuua mtu mmoja kati ya 20, tungalimpeleka gerezani. Lakini malali ya ubongo, bila dawa, inaua karibu kila mtu. Kuua mmoja ili kuponya 19: hesabu ilikuwa ngumu, lakini haikuwa ya uwongo, na watawa wengi waliokuwa wanganga waliifanya kwa machozi.

Tusisahau upande wa pili wa hesabu hiyo. Wanganga hawakusema «ndivyo ilivyo» na kukaa. Waliendelea kutafuta. Mwaka wa 2009 palianza kutumika njia nyingine isiyo na arseniki, na mwisho wa mwaka wa 2018 serikali ya Kongo ilikubali feksinidazoli, vinini vinavyomezwa siku 10, vilivyojaribiwa hapa kwetu pamoja na wagonjwa wetu wenyewe. Vinaweza kuleta kutapika na kukosa usingizi, na lazima vimezwe na chakula, maana bila chakula haviingii vema katika damu. Tena si kwa wagonjwa wote. Yule ambaye ubongo wake umeumizwa sana anahitaji njia nyingine. Lakini tazama ginsi hesabu ilivyogeuka katika muda wa maisha ya mtu mmoja.

Basi, tunapoulizwa «Dawa hii ni salama?» tusijibu upesi ndiyo ao hapana. Inafaa kuuliza: ni salama kwa nani, kwa dozi gani, na juu ya ugonjwa gani? Dawa yenye madhara makubwa inaweza kuwa ya haki kwa kansa, lakini si ya haki kwa mafua ambayo yatapona peke yake katika siku saba.

Yanayotisha bure, na yanayokaa kimya

Hapa ndipo watu wanakosea zaidi. Madhara yanayoonekana kwa macho yanatutisha, na yale yasiyoonekana tunayadharau. Mkojo mwekundu wa rifampisini ni wa kwanza. Choo cheusi cha mama anayemeza vinini vya chuma kwa kuongeza damu ni kama ule. Vijana wa zamani wanakumbuka klorokini: wengi wetu ilituwasha ngozi usiku kucha, hata tukaomba tupewe malaria yenyewe! Muwasho ule ulikuwa taabu, lakini kwa desturi haukuwa hatari.

Tangu mwaka wa 2005 Kongo inatumia artesunati pamoja na amodiakini kwa malaria isiyo kali. Watu wengi wanasikia uzito wa mwili, miguu inakuwa kama majani, tumbo linachafuka. Siku ya pili homa imeshuka, mgonjwa anasema: «Malaria imekwisha, sasa ni dawa inayoniua», anaacha vinini vya siku ya tatu. Vijidudu vilivyobaki vinaamka. Katika seminari tumeona vijana watatu ao wane wakificha vinini vya siku ya tatu chini ya godoro. Inafaa kumwambia mgonjwa mapema, kabla ya kumeza: «Utasikia ulegevu, ulale, ule vema, umalize siku tatu.» Mtu aliyeonywa anavumilia. Lakini kama anatapika kila kitu, ao amezimia, ao ni mtoto mwenye degedege, hapo tusimwambie avumilie: abebwe upesi mpaka hospitali.

Sasa tazama parasetamoli. Ni dawa nzuri, tena wanganga wanaipenda kwa sababu haichubui tumbo kama aspirini. Kila duka la kijiji linaiuza pamoja na sabuni na chunvi. Kwa sababu hiyo hakuna anayeiogopa. Mtu mzima asipite gramu 4 kwa siku, ni kusema vinini 8 vya miligramu 500, na kati ya dozi na dozi zipite saa nne kwa uchache. Mwembamba asiyekula vema na mnywaji wa pombe inafaa wameze kidogo zaidi. Mtoto anapimwa kwa uzito: miligramu 10 mpaka 15 kwa kila kilo, si zaidi ya mara nne kwa siku. Mtoto wa kilo 12 hahitaji nusu ya kinini kwa kila dozi. Robo ya kinini na kidogo zaidi inamtosha. Je, ni wamama wangapi wanajua jambo lile?

Ini linapochoma parasetamoli, sehemu ndogo yake inageuka sumu. Ini lina akiba ya kuzima sumu ile. Kama dozi ni kubwa mno, akiba inakwisha, na sumu inaanza kula ini lenyewe. Siku ya kwanza mtu anatapika kidogo tu, ao hasikii kitu. Anafikiri amepona. Siku ya tatu macho yanakuwa ya manjano, na wakati huo mara nyingi hakuna njia tena. Dawa ya kuzuia sumu hiyo ipo, lakini inafaa itolewe mapema, na zaidi ya yote katika saa 8 za kwanza. Hatari ya pili ni hii: parasetamoli imefichwa ndani ya dawa nyingi za mafua zenye majina mengine. Mtu anameza kinini cha mafua, kiisha cha kichwa, kiisha cha homa, na anameza dawa moja mara tatu bila kujua. Angalia jina dogo lililoandikwa chini ya jina kubwa: jina kubwa ni la biashara, jina dogo ndilo jina la dawa.

Miili haifanani

Kuna watu ambao dawa njema kwa wote ni hatari kwao. Wengi kati yetu watu wa inchi za malaria tumezaliwa na upungufu wa kitu kimoja katika damu, ambao wanganga wanauita G6PD. Hatuusikii siku zote. Lakini tukimeza primakini, ao dawa zingine chache, damu inavunjika ndani ya mishipa na mkojo unakuwa mweusi kama kahawa. Hapo mkojo wa rangi si mchezo, na lazima kukimbia hospitalini. (Mapadri wa kwanza waliokuja katika inchi hizi waliogopa sana homa ya mkojo mweusi, na makaburi ya misioni nyingi za zamani yanaeleza kwa nini. Ile iliwashika zaidi watu waliopatwa na malaria mara nyingi na kumeza kwinini leo na kuiacha kesho.) Kwa hiyo mwekundu wa rifampisini na mweusi wa kuvunjika kwa damu si kitu kimoja; uliza kwanza mgonjwa anameza dawa gani.

Wengine mwili wao unakataa penisilini. Si kila tatizo ni kukataa: kuhara kidogo kiisha antibiotiki ni jambo la kawaida. Lakini kama midomo na uso vinavimba, kama pumzi inakatika, kama ngozi yote inatoka vipele mara moja, hiyo ni hatari ya dakika, si ya siku. Na kama ngozi inachubuka kama iliyochomwa na moto, pamoja na vidonda vya kinywa na macho, kiisha Fansidar, Bactrim ao dawa zingine, mgonjwa aache dawa na apelekwe siku ile ile. Jina la dawa ile liandikwe katika karatasi yake ya matibabu, maana mara ya pili inaweza kumwua. Tumezoea kuandika katika vitabu vya parokia majina ya wabatizwa na ya wafu. Kuandika jina la dawa si kazi kubwa kuliko ile.

Dawa za nguvu, vitamini na majani

Watu wanasema: «Hii si dawa, ni vitamini tu.» Ao: «Ni majani ya Mungu, hayana ubaya.» Hatukubali. Mihogo michungu nayo ni kitu cha Mungu, na mama zetu wanajua kwamba lazima ilowekwe kabla ya kuliwa.

Vinini vya chuma vinavyomsaidia mama mwenye mimba vinaweza kumwua mtoto wa miaka miwili anayevikuta mezani na kuvila kama bonboni. Kumi tu ni vingi mno. Vitamini A nyingi inamharibu mtoto tumboni. Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mama mwenye mimba anapewa Fansidar kwa kumkinga na malaria. Dawa ile inamnyima kijidudu cha malaria chakula kinachoitwa asidi foliki. Basi, kama mama ananunua sokoni vinini vya asidi foliki vya miligramu 5, «kwa kuongeza damu», anakilisha kijidudu kile ambacho Fansidar ilitaka kukitia njaa. Dozi ndogo ya miligramu 0.4 inayotolewa pamoja na chuma katika kliniki haina shida hiyo. Ndiyo kusema, vitamini inaweza kuiondoa kinga ya malaria, na mama akafikiri anajitunza mara mbili.

Chuma na kalsiamu vinazuia vile vile dawa zingine zisiingie katika damu: tetrasiklini, na dolutegraviri ya wagonjwa wa Sida. Rifampisini nayo inalifanya ini kuchoma dawa zingine upesi kupita kiasi; kwa hiyo mtu mwenye kifua kikuu na Sida pamoja anapewa dolutegraviri mara mbili kwa siku, si mara moja. Asipomwambia munganga kila kitu anachomeza, munganga atafanya hesabu yenye kosa. Hapo padri na katekista wanaweza kusaidia sana, maana watu wanaona haya kumwambia munganga kwamba wamekwenda kwa mfumu ao kwamba wanameza vinini vya kunenepesha. Vinini hivyo, vinavyouzwa kwa wasichana katika miji yetu, mara nyingi vina deksametazoni. Mwili unavimba, uso unakuwa wa mviringo, watu wanasifu. Ndani, sukari ya damu inapanda na nguvu ya kupigana na magonjwa inashuka. Kiisha muda mrefu, msichana akiacha kwa ghafla, anaweza kuzimia na kufa, kwa maana mwili wake umesahau kutengeneza kitu kile kwa nguvu zake mwenyewe. Asiambiwe «tupa leo». Aambiwe «twende kwa munganga, atakupunguzia kidogo kidogo».

Inabaki habari ya artemisia, na tunajua tutawachokoza ndugu wengine, kwa sababu bustani za misioni nyingi zimejaa majani yake. Ni kweli kwamba artemisinini, msingi wa dawa za malaria za leo, ilitolewa katika mmea huo na wataalamu wa China mwaka wa 1972, na mama Tu Youyou akapewa zawadi ya Nobel mwaka wa 2015. Lakini jani la bustani moja lina nguvu nyingi na la bustani nyingine lina kidogo. Maji ya moto hayatoi yote. Na anayekunywa chai anapata dozi asiyoijua, mara nyingi ndogo. Homa inashuka, vijidudu vinabaki, na vile vinavyobaki vinajifunza kuvumilia dawa. Kwa hiyo Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, halikubali chai ile kwa kutibu ao kukinga malaria. Ndugu wengine wanatuambia: «Sisi tumeona watu wamepona.» Tunasadiki kwamba wamewaona. Lakini mtu mzima aliyezoea malaria tangu utoto anaweza kushinda homa nyingi peke yake. Mtoto wa miaka miwili hawezi, na ndiye ambaye mama yake amesikia kanisani kwamba chai ya padri inatosha.

Jambo lililotokea Ituri

Mwisho wa mwaka wa 2014, katika pande za Ituri, wagonjwa wa namna ya ajabu wakaanza kufika hospitalini. Shingo zao zilipindika, nyuso zilikazana, ulimi ulitoka nje, macho yaligeuka juu. Wengine walikuwa watoto. Wanganga wakafikiri ni menenjiti. Wengine kijijini, kama mnavyoweza kuwaza, walitaja mapepo na uchawi. Lakini maji ya mgongo hayakuonyesha menenjiti. Wanganga wakauliza na kuuliza, mpaka wakaona kwamba wagonjwa walikuwa wamemeza vinini vidogo vya manjano, vilivyoandikwa diazepamu, dawa ya kutuliza na ya kuleta usingizi. Mkojo wa wagonjwa na vinini vyenyewe vikapelekwa kupimwa. Ndani yake hamkuwa diazepamu. Mlikuwa haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili, tena kwa dozi kubwa. Dawa hiyo ndiyo inayokaza shingo na uso namna ile. Mpaka mwezi wa nane wa mwaka wa 2015 watu zaidi ya 1,000 walikuwa wamelazwa, na 11 wakafa. OMS ikatoa onyo kwa inchi zote.

Tumekaa mahali hapa kwa kusudi, kwa sababu tunawaza: kama tungaliitwa usiku kwa mtoto wa namna ile, tungalifanya nini? Kuomba na kumpaka mgonjwa mafuta matakatifu ni kazi yetu, na hakuna atakayetukataza. Lakini kama mmoja wetu angalisema mbele ya jamaa «huyu ana pepo», hakuna ambaye angalikumbuka kutafuta kinini cha manjano. Swali «amemeza nini tangu jana?» ndilo lililofungua njia. Na wale waliovitupa vinini vilivyobaki, kwa hofu, walitupa ushahidi. Inafaa kuvifunga katika karatasi pamoja na sanduku lake na kuvipeleka hospitalini.

Kwa nini inafaa kuandika habari

Kuanzia mwezi wa kumi wa mwaka wa 1957 palikuwa na dawa ya usingizi ikiuzwa katika Ujerumani, kiisha katika inchi nyingi. Jina lake talidomidi. Walisema ni salama hata kwa wamama wenye mimba. Watoto zaidi ya 10,000 wakazaliwa bila mikono ao miguu kamili. Wanganga wachache, kati yao Widukind Lenz wa Hamburg, walianza kuuliza wamama: «Ulimeza nini?» Mwezi wa kumi na moja wa mwaka wa 1961 dawa ikaondolewa. Kutokana na msiba ule, OMS ilianzisha mwaka wa 1968 kazi ya kukusanya toka inchi mbalimbali habari za madhara ya dawa. (Talidomidi yenyewe haikufa: inatumiwa leo kwa taabu moja ya ugonjwa wa ukoma, lakini mwanamke anayeweza kushika mimba hapewi bila ulinzi mkali.)

Kongo yetu nayo imo katika kazi ile, na kituo chake kinakaa Kinshasa pamoja na Chuo Kikuu. Habari zinatoka chini: mgonjwa anamwambia munganga wa kituo cha afya, naye anajaza karatasi, inapanda mpaka zone ya afya na kuendelea. Si lazima kuwa na hakika kwamba dawa ndiyo iliyofanya ubaya, kushuku kunatosha. Katekista anaweza kuandika kwa ajili ya munganga mambo machache tu: umri wa mgonjwa, jina la dawa lililo kwenye sanduku pamoja na namba ya fungu, ambayo kwa kifransa ni «lot», siku aliyoanza, siku taabu ilipoanza, na dawa zingine ao majani aliyotumia.

Sisi katika seminari yetu tulifungua kabati ya dawa siku moja ya mapumziko na kutoa vyote nje juu ya meza. Tulikuta chupa nne zisizo na jina, antibiotiki ambazo tarehe yake ilipita miaka mitatu, na mfuko wa vinini vyeupe ambavyo kila mmoja aliviita kwa jina lake. Aliyesema ni vya minyoo na aliyesema ni vya malaria walibishana mpaka chakula cha mchana. Munganga wa kituo alikuja saa nane, akavitazama, akasema hata yeye hawezi kujua. Akavichukua vyote, akavipeleka kuharibiwa.